Wakiipasua Shingo, Kichwa Kitasimama?

Katika maradhi ambayo watu wetu huyadharau, moja ni maradhi ya shingo. Mtu akiumwa na shingo husema kuwa amelala vibaya. Hupaka mafuta ya karafuu, hukandwa, na baada ya siku mbili tatu husahau. Na mara nyingi huwa ni hivyo kweli. Lakini yako maradhi mengine ya shingo ambayo hayaumi sana, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Kwani mtu aweza kukaa nayo mwaka mzima na zaidi asijue, kama mwenye nyumba ambaye boriti zake zaliwa na mchwa kwa ndani, na yeye nje ameona chokaa nyeupe akaridhika.

Sisi tuliyajua maradhi haya katika nyumba yetu wenyewe, na ndiyo sababu tumeshika kalamu. Hatudai utabibu. Kazi yetu ni kusomesha watoto chuoni. Lakini tuliuliza, tukasoma, tukaeleweshwa na wajuao, na tumeona si insafu kuyafungia sandukuni yale yaliyotufaa, hali huenda katika nyumba ya msomaji wetu yuko mtu anayeyahitaji leo.

Khabari ya ndugu yetu

Ndugu yetu mkubwa ni fundi wa majahazi, na umri wake umepita miaka sitini. Tangu ujana wake ameshika tezo na keekee, na mkono wake ulikuwa haukosei. Jambo la kwanza tuliloliona ni vifungo vya shati: alikuwa akihangaika navyo mpaka huja mjukuu wake akamfungia, na sisi tukicheka naye, tukisema ni uzee. Kisha keekee ikawa yamponyoka. Kisha mwendo wake ukabadilika, akawa akienda kwa kutanua miguu kama mtu aliye juu ya sitaha wakati wa kusi. Tukimwuliza kama anaumwa, husema, "Siumwi, ila mikono si yangu."

Tukampeleka kwa mkandaji mmoja mwenye sifa, naye akamshika kichwa akakizungusha kwa nguvu mpaka shingo ikalia. Baada ya hapo miguu ilizidi kuwa mizito. Hatumlaumu yule mkandaji kwa nia yake, kwani nia yake ilikuwa njema; twajilaumu sisi tuliompeleka bila ya kuuliza kwanza.

Hospitali daktari hakuanza na mashine. Alimwambia akunje na kukunjua vidole vyake upesi upesi kwa muda wa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 na zaidi; ndugu yetu alifika 11. Kisha akapigwa picha kwa mashine ya sumaku, ikaonekana kuwa ugwe wa mgongo wake umebanwa shingoni mahali patatu. Daktari akasema kuwa dawa yake ni kupasuliwa, na asipopasuliwa aweza kufika siku asiweze kusimama wala kuzuia haja ndogo.

Ndugu yetu alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali moja tu, nalo ndilo tulilolifanya kichwa cha makala haya: "Mkiipasua shingo, kichwa changu kitasimama?" Daktari akatabasamu, akasema kuwa hilo ndilo swali ambalo wapasuaji wa shingo wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya miaka mia.

Shingo ilivyojengwa

Ili tulifahamu jibu, yatupasa kwanza kuijua shingo yenyewe. Mifupa yake ni pingili saba. Ya kwanza ni kama pete, nayo hubeba fuvu. Ya pili ina jino lisimamalo ndani ya pete ile, na kichwa huzunguka juu ya jino hilo kama mlango juu ya egemeo lake. Karibu nusu ya kugeuka kwetu kulia na kushoto hufanyika hapo. Pingili tano zilizobaki zina umbo lifananalo: mbele yake ni gogo la mfupa libebalo uzito, na nyuma yake ni upinde wa mfupa ambao waweza kuuita paa. Baina ya gogo na paa ni tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji. Ndani ya mfereji huo hupita ugwe wa mgongo, nao ni kamba nene ya mishipa ya fahamu itokayo katika ubongo kwenda mikononi, kifuani na miguuni.

Baina ya gogo na gogo, kuanzia pingili ya pili kwenda chini, mna kisahani cha gegedu kilicho kama mto. Nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, mna viungo vidogo viwili vinavyozuia pingili moja isiteleze juu ya mwenziwe. Mifupa yote hii imefungwa kwa kano, mbele na nyuma, na juu ya kano imefunikwa na misuli, khasa ile ya ukosi, inayovuta kichwa kisianguke mbele. Kichwa si kitu chepesi: ni kama kilo 4 au 5, na sisi hukiinamisha juu ya vitabu na kazi mchana kutwa.

Mfereji ule kwa kawaida una upana wa milimita 17 hivi, kutoka mbele kwenda nyuma. Ukipungua chini ya 13 husemwa kuwa ni mwembamba. Mtu akiwa mtu mzima, visahani hukauka na kushuka, mifupa huota vijipembe pambizoni, kano hunenepa, na ugwe ukakosa nafasi. Hayo ndiyo yaliyompata ndugu yetu.

Sasa uthabiti wa shingo ni nini? Manohar Panjabi, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwaka 1992 aliueleza kuwa unasimama juu ya mambo matatu: mifupa pamoja na kano zake, misuli, na mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli. Fundi wa majahazi halihitaji somo hili lirefushwe. Mlingoti hausimami kwa ubora wa mti wake peke yake. Husimama kwa mti, na kwa kamba zinazouvuta huku na huku, na kwa baharia ajuaye ipi ya kukazwa na ipi ya kulegezwa. Kikipungua kimoja, viwili vilivyobaki hubeba zaidi. Vikipungua viwili, mlingoti u hatarini.

Panjabi na mwenziwe, daktari Augustus White, waliwahi pia kuikata kano moja baada ya moja katika shingo za maiti na kupima. Katika kazi yao zilitoka hesabu ambazo madaktari hutumia hata leo: pingili ikiteleza juu ya mwenziwe zaidi ya milimita 3.5, au ikipinda kuliko jirani zake kwa zaidi ya digrii 11, shingo hiyo hudhaniwa kuwa haina uthabiti. Na hapa ndipo penye taabu ya mpasuaji. Ili aufikie ugwe uliobanwa hana budi kuondoa kitu katika vile vinavyoisimamisha shingo. Hasha hakuna njia ya kuingia isiyo na gharama. Kilichopo ni kuchagua gharama ipi, na kuilipa vipi.

Njia ya mbele

Njia ya kwanza ni kuingia kwa mbele, kooni. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Baltimore, Robert Robinson na George Smith, walieleza namna ya kupita baina ya mshipa mkubwa wa damu ulio ubavuni mwa shingo na njia ya pumzi na chakula, wakafika kwenye magogo ya pingili bila ya kuikata misuli ya nyuma. Mwaka 1958 Ralph Cloward wa Honolulu akaeleza njia yake iliyo karibu na hiyo, yeye akitoboa tundu la duara na kutia ndani yake kipande cha mfupa cha duara kama msumari wa mti.

Faida ya njia hii ni kwamba misuli na paa la nyuma husalimika. Gharama yake ni kuwa kisahani huondolewa, na pasipo na kisahani magogo mawili hukaribiana na shingo huinama. Kwa hiyo hutiwa kipande cha mfupa, zamani kikichukuliwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe, siku hizi mara nyingi kikiwa ni kisanduku kilichotengenezwa. Na mbele yake hufungwa bamba la chuma kwa skrubu. Baada ya miezi magogo mawili huungana yakawa mfupa mmoja. Mvutaji wa sigara huchelewa kuungana, au hukosa kuungana kabisa. Na kadiri pingili ziunganishwazo zinavyozidi, ndivyo hatari ya kutoungana inavyozidi.

Lakini uthabiti wa namna hii ununuliwa kwa kupoteza mwendo. Pingili mbili zisizopindana tena huwaachia jirani zao kazi ya kupinda. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Alan Hilibrand walitangaza hesabu ya wagonjwa 374 waliounganishwa pingili kwa mbele: kila mwaka kiasi cha 2.9 katika kila mia walipata maradhi mapya katika pingili ya jirani, na walikadiria kuwa katika miaka kumi robo yao yangewafika. Wako wasemao kuwa ni uzito wa kuunganishwa, na wako wasemao kuwa shingo ile ilikuwa yazeeka tu. Mjadala huo haujesha. Kwa ajili yake kilizuliwa kisahani cha kutengenezwa chenye kupinda, na Marekani ilikiruhusu kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Hicho nacho hakimfai kila mtu: viungo vya nyuma vikiwa vimechakaa, au shingo ikiwa tayari yateleza, kuipa mwendo zaidi ni kuizidishia maradhi.

Njia ya nyuma

Njia ya pili ni kuingia kwa ukosi na kuliezua paa. Ni njia ya zamani na ni rahisi kuifahamu: mfereji ni mwembamba, basi liondolewe paa, ugwe upate kupumua. Wagonjwa wengi walipona kwa njia hiyo. Walakini baada ya miaka madaktari waliona jambo la kuhuzunisha kwa baadhi yao: shingo ilianza kuinama mbele kidogo kidogo, mpaka mtu akawa hawezi kutazama mbele ila kwa jitihada.

Sababu yake ni hii. Shingo yenye afya ina upinde unaoelekea mbele, na kwa upinde huo sehemu kubwa ya uzito wa kichwa hubebwa na vile viungo vidogo vya nyuma. Paa likiondolewa, pamoja na kano zilizoliunganisha na misuli iliyolishika, uzito wote huhamia mbele. Upinde hunyooka, kisha hugeuka. Na kila unapogeuka misuli hupata taabu zaidi kuurudisha. Mwisho wake ugwe uliofunguliwa nyuma huvutwa juu ya magogo ya mbele kama kamba juu ya ukingo wa kisima, ukabanwa upya. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa watoto na vijana, na kwa mtu ambaye shingo yake ilikwisha kunyooka kabla ya kupasuliwa, na pale mpasuaji anapovila viungo vidogo vya pembeni. Majaribio yameonyesha kuwa kiungo kikikatwa zaidi ya nusu yake, uthabiti hupungua waziwazi. Kwa hiyo hata katika upasuaji mdogo, wa kufungua tundu la mshipa mmoja tu, mpasuaji mwangalifu hujitahidi kuiacha nusu ya kiungo na zaidi.

Wajapani ndio waliolifikiria jambo hili zaidi, kwa kuwa kwao yako maradhi ambayo kano iliyo nyuma ya magogo hugeuka mfupa na kuujaza mfereji. Mwaka 1977 daktari Kiyoshi Hirabayashi wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, alianza kulifungua paa pasipo kuliondoa. Alilikata upande mmoja likaachana kabisa, na upande wa pili akalichonga nusu likawa kama bawaba. Kisha akalifungua kama mlango na kulifunga kwa nyuzi lisirudi. Mfereji ukapanuka, na paa na kano zake nyingi zikabaki. Baadae wapasuaji walijifunza kuihifadhi pia misuli iliyoshikamana na pingili ya pili na ya saba, kwani hiyo ndiyo kamba kuu za mlingoti wetu. Lakini njia hii nayo ina sharti: yataka shingo yenye upinde wake wa asili, ili ugwe upate kurudi nyuma. Shingo iliyokwisha kuinama mbele haitoshelezwi kwa kufunguliwa mlango wa nyuma.

Na iko njia ya tatu ya nyuma: paa liondolewe, kisha pingili zifungwe kwa skrubu na vyuma. Kuzifunga pingili kwa waya ni jambo la tangu mwaka 1891, alipolifanya Berthold Hadra huko Galveston, Texas, kwa mtu aliyevunjika shingo. Waya hushika ile mifupa ya nyuma. Paa likiondoka, haina cha kushika. Katika miaka ya 1970 Raymond Roy-Camille wa Paris alionyesha namna ya kutia skrubu katika mifupa ya pembeni, na tangu hapo paa likaweza kuondolewa na shingo ikafungwa siku moja.

Shauri la nyumbani

Turudi kwa ndugu yetu. Alikuwa amebanwa mahali patatu, na picha zilionyesha kuwa upinde wa shingo yake umenyooka kama mti wa mwembe. Daktari alishauri njia hiyo ya tatu. Lakini skrubu na vyuma vyake vilikuwa vya kununuliwa, na bei yake ilizidi bei ya upasuaji wenyewe.

Tulikaa kikao cha ukoo baada ya swala ya isha. Mmoja wa wazee wetu, mtu mwenye akili na heshima, alisema: "Kilichombana ni paa, paa likiondoka amepona. Vyuma ni vya nini? Tusiwauzie watoto shamba lao." Maneno yake yalikuwa na sura ya haki, na wengi waliitikia. Sisi pia, twakiri, tulielekea huko.

Kesho yake tulirudi kwa daktari tukamwuliza wazi: tukikosa vyuma, itakuwaje? Hakututisha. Alisema kuwa paa likiondolewa peke yake mikono na miguu huenda ikapata nafuu vilevile, na kuwa wako wengi waliopasuliwa hivyo na shingo zao hazikuinama. "Lakini," akasema, "shingo iliyokwisha kunyooka ni mlingoti uliokwisha kulegea kamba. Mkinitaka nikate kamba zilizobaki bila ya kuufunga, nitakata, ila mjue mnachochagua." Na akaongeza kuwa kurudi kuinyosha shingo iliyoinama ni kazi ngumu kuliko hii, na ghali zaidi.

Tuliuza fungu letu la minazi. Yule mzee wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa chake juu yake.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Kichwa cha ndugu yetu kimesimama. Anaenda sokoni kwa miguu yake, na shati hujifungia mwenyewe, ijapokuwa polepole. Wiki za mwanzo mkono wake mmoja ulikataa kuinuka begani. Jambo hilo huwapata wagonjwa wachache baada ya ugwe kufunguliwa, na mara nyingi huondoka, na kwake liliondoka. Keekee hakuirudia, vidole havikurejea vyote, kwani ugwe uliobanwa muda mrefu haurudishi kila ulichokipoteza. Lau tungalikwenda wakati wa vifungo vya shati, badala ya wakati wa miguu, huenda tungalipata zaidi. Wakati wa ukosi wa plastiki shingoni aliswali juu ya kiti kwa ishara, na sheria imempa ruhusa hiyo. Siku hizi akitoa salamu hugeuka kwa mabega, na wajukuu walipomwuliza kwa nini, aliwaambia kuwa ameunganishwa mbao.

Ya kuulizwa na ya kuepukwa

Msomaji asitoke hapa akasema kuwa njia fulani ndiyo bora kwa wote. Mwaka 2021 ilitangazwa Marekani khabari ya wagonjwa 163 wenye maradhi kama ya ndugu yetu, waliogawanywa kwa kura baina ya njia ya mbele na ya nyuma. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika nguvu zao za mwili. Waliopasuliwa mbele walipata matatizo zaidi, 48 katika mia kwa 24, na mengi yalikuwa ni taabu ya kumeza. Basi kinachochagua njia ni shingo yenyewe: imebanwa mbele au nyuma, mahali pamoja au pengi, ina upinde wake au imeupoteza, imetulia au yateleza.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa amwulize daktari mambo haya bila ya kuona haya: Upinde wa shingo ukoje? Picha za kuinama na kuinuka zaonyesha kuteleza? Utaondoa nini, na kilichoondolewa nani atafanya kazi yake? Ukiunganisha, pingili ngapi, na mgonjwa atapoteza mwendo gani? Tusipofanya lolote, itakuwaje? Daktari mwema hachukii maswali hayo.

Na yako ya kuepuka. Mtu ambaye vidole vyake vimekuwa vizito, au mwandiko wake umeharibika, au mwendo umebadilika, asikubali kuzungushwa shingo na mtu yeyote kabla ya kutazamwa hospitali. Na aliyeanguka mnazini au kwenye pikipiki akalalamika shingo, asinyanyuliwe kwa kushikwa kichwa na miguu. Aachwe alale mpaka waje wajuao, na ikilazimu kuhamishwa, kichwa, shingo na mgongo viende pamoja katika mstari mmoja, kama ubao.

Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu cha mafungu 30, na fungu la mwisho akalifanya la upasuaji. Humo mna mlango wa pingili za mgongo zilizotoka mahali pake. Watu wetu wa kale hawakuona aibu kujifunza namna mwili unavyosimama na unavyoanguka. Sisi leo picha tunazo, na wapasuaji tunao. Kilichobaki ni kuwahi na kuuliza. Ndugu yetu alituomba tumalizie kwa neno lake mwenyewe, nalo ni hili: vifungo vya shati vikianza kukushinda, usimngoje mjukuu.

Wabillahi taufiki.